Nimebadilisha rolibaa ya gari langu la saketi, haya ndo niliyoyaona

Wakuu habari zenu, nimekaa na hii rolibaa mpya (lile bomba la chuma lililopinda nyuma ya kichwa cha dereva, la kumkinga gari likipinduka) miezi mitano sasa, nimeshazunguka nayo saketi, yaani njia ya kukimbizia magari, mara nne, mbili jua kali na mbili mvua ya Kiingereza ile ya kuchosha, kwa hiyo naona muda umefika niandike vizuri maana kuna watu wananiuliza kila siku na kila mmoja namjibu kipande kipande. Kwa asiye na muda wa kusoma yote: kazi ni nzuri sana, nawapa nne na nusu kati ya tano, nlilipa pauni 1,380 jumla, na ile nusu niliyowakata ntaeleza chini kwa nini. Gereji siitaji jina, ni karakana ndogo ya watu watatu huku katikati ya Uingereza, mzee mmoja na vijana wake wawili, kazi yao ni bomba tu, rolibaa na keji za magari ya rally (fremu ya mabomba inayozunguka dereva), hawagusi injini wala rangi ya bodi.

Gari lenyewe ni zile za kuunga mwenyewe, umbo la Lotus Seven. Kwa asiyezijua, Colin Chapman aliitoa Lotus Seven mwaka 1957 na watu wengi waliinunua ikiwa vipande vipande wakaenda kuiunga nyumbani, sababu enzi hizo Uingereza gari zima lilikua na kodi ya manunuzi ila ukinunua vipande unaikwepa, alafu 1973 Lotus wakawaachia Caterham haki ya kuitengeneza na toka hapo wameibuka watengenezaji kibao wa gari za umbo hilo hilo. Langu lina injini, giaboksi na difu ya Mazda MX-5 ya 1.8, chesisi ni bomba za mraba za milimita 25 unene milimita 1.6, na hata nikikaa mimi ndani na tenki limejaa halifiki kilo 700. Halina paa, halina milango, kioo cha mbele nimekitoa. Yaani ukishakaa na helmeti yako, kitu cha juu kabisa kwenye gari zima ni kichwa chako. Hapo ndo shida yote inapoanzia.

Nimeendesha hivo misimu miwili bila kujua. Rolibaa ilikuja na vifaa vya gari, imepakwa rangi nyeusi nzuri, imepinda vizuri, nikafunga nati nikaona nimemaliza. Sasa siku moja Snetterton, ile saketi ya Norfolk iliyokua uwanja wa ndege za kivita zamani, rafiki yangu alikua amesimama ukutani kwenye piti, pale magari yanapohudumiwa, akanipiga picha ya ubavu wakati natoka. Jioni ananitumia. Helmeti yangu imepita juu ya rolibaa. Nikachukua rula nikalinganisha na kipenyo cha taili ambacho nakijua, ikaja kama sentimita 6 juu. Mimi ni mrefu, mita 1.88, kiwiliwili ndo kirefu zaidi kuliko miguu, ila aliyetengeneza ile rolibaa aliichora kwa mtu wa kimo cha kawaida tena bila helmeti. Mama Nuru akaiangalia ile picha kimya muda mrefu alafu akaniuliza, "Sasa baba Nuru, hili bomba hapa nyuma yako kazi yake nini?" Sikua na jibu. Gari halikutoka gereji tena mpaka lilipopelekwa kwa mafundi.

Kabla sijaendelea, kipimo ambacho kila mwenye gari la wazi anatakiwa akijue, na hakihitaji hela hata senti. Unakaa kwenye siti kama unavyoendesha, mikanda umefunga imekaza, helmeti kichwani. Mtu mwingine anachukua mti wa ufagio, ncha moja anailaza juu ya rolibaa, ncha ya pili anaishusha mpaka sehemu ya mbele ya gari iliyo imara, sio faiba, chuma. Huo mti ndo ardhi gari likiwa limepinduka. Helmeti yako inatakiwa iwe chini ya huo mti, na kimo ambacho waandaaji wengi wa mashindano wanakitaja ni angalau sentimita 5, SCCA, chama cha magari ya michezo cha Marekani, wao wanasema inchi 2 za rolibaa juu ya helmeti ambayo ni hiyo hiyo. Hizo sentimita 5 zina sababu, mkanda unanyooka, siti inanesa, sponji ya siti inakurusha, bomba lenyewe linapinda kidogo, gari likiwa juu chini mwili wako unaning'inia kwenye mikanda na unashuka kuelekea ardhini zaidi ya unavyofikiria. Mtu anayekwambia "inatosha, imekupita kidogo tu" muulize kama ashawahi kuning'inia.

Na gari hizi zinapinduka jamani. Ni chini ni kweli, ni pana ni kweli, kwenye lami kavu peke yake itateleza tu izunguke. Shida ni mambo mawili. La kwanza ni kokoto, ukitoka njiani ubavu ubavu ukaingia kwenye lile shimo la kokoto, matairi yanachimba, yanasimama ghafla, gari linaendelea. La pili ni matairi yaliyo wazi nje ya bodi, tairi langu la mbele likigusa tairi la nyuma la mwenzangu, mpira kwa mpira unapanda kama ngazi, na gari la kilo 600 halihitaji msukumo mkubwa kuruka.

Basi nikapiga simu sehemu tatu. Wa kwanza aliniambia lete ntaikata miguu ntaongeza vipande ntachomelea, nusu siku, pauni 200. Wa pili hakunipigia tena. Wa tatu, hawa ninaowaandikia, yule mzee akaniuliza maswali kama daktari: urefu wako, uzito, helmeti gani, unatumia HANS (kile kifaa cha mabegani cha kukinga shingo) au hutumii, mkanda wa pointi ngapi na umefungwa wapi, abiria unabeba, gari linaenda barabarani au trela tu. Alafu akasema "njoo na gari, na helmeti, na viatu vyako vya kuendeshea." Viatu! Nilipofika nikaelewa, kumbe unavyokanyaga pedali inabadilisha unavyokaa, na unavyokaa ndo kichwa kinakua wapi.

Nilimwambia kuhusu ile ya kukata miguu na kuongeza vipande akakataa pale pale. Akanieleza kwa utulivu kabisa, upinde mkuu unatakiwa uwe bomba moja toka mguu wa kulia mpaka mguu wa kushoto, bila kiungo, na ndivyo sheria za FIA, shirikisho la dunia la mashindano ya magari, zinavyotaka pia, sababu ukiongeza kipande mguuni unaweka mshono mahali ambapo nguvu ya kupinda ni kubwa kuliko pengine pote, na pembeni ya mshono chuma kimeshapata moto kimebadilika tabia. Alafu akaongeza kitu ambacho sikua nimekifikiria, ukirefusha bila kubadilisha bomba umezidisha wenzo. Ni kama kung'oa msumari, mpini mrefu kazi rahisi. Rolibaa ndefu ya bomba lile lile ni rahisi zaidi kulala kuliko ile fupi. Kwa hiyo upinde mpya, hamna mjadala.

Ila kitu cha kwanza alichofanya hakikua bomba kabisa, alinishusha mimi. Siti yangu ilikua juu ya reli za kusogeza mbele na nyuma, na mimi ndo dereva peke yangu sasa reli za nini. Tukazitoa, siti ikafungwa moja kwa moja kwenye mabano yaliyolala sakafuni, sponji ya makalio ikatoka, ikawekwa ile ya povu la kuchanganya, unamimina kwenye mfuko wa plastiki unakalia mpaka linaganda linachukua umbo lako. Hapo tu nilishuka sentimita 5. Bure kabisa karibu, na uzito wa gari nao umeshuka chini, kona inapendeza zaidi. Kama wewe unasoma hii na hela huna, anzia hapo. Kushusha kichwa ni bora kuliko kupandisha bomba, kila siku.

Bado helmeti ilikua sentimita 1 juu ya rolibaa ya zamani, kwa hiyo upinde mpya umepanda sentimita 9. Ukihesabu, helmeti sasa iko sentimita 8 chini ya kilele cha upinde, na kwa mti wa ufagio, kwa vile kichwa kiko mbele ya upinde na mti unashuka, inabaki 5 na nusu. Kidogo kuliko nlivyotaka ila inapita.

Sasa bomba lenyewe, na hapa naomba mniruhusu nikae kidogo maana watu wanadharau. La zamani lilikua kipenyo milimita 38 unene 2, mzee alilipima kwa kile kifaa cha kupitisha sauti kwenye chuma. Lina mshono ndani, yaani ni bati lililokunjwa likachomelewa urefu wote. Jipya ni milimita 45 unene 2.5, lisilo na mshono, la kuvutwa baridi, ambacho ndo kipimo cha FIA kwa upinde mkuu, au unaweza kutumia 50 kwa 2.0. Ukiangalia kwa macho tofauti ni kama kidole kidogo tu, unaweza kusema kuna nini cha ajabu hapo. Piga hesabu sasa: ugumu wa bomba kupinda unakwenda na kipenyo cha nje kwa kipeo cha nne, toa cha ndani kwa kipeo cha nne. La 45 kwa 2.5 ni gumu mara 2 ya lile la 38 kwa 2, na uzito umeongezeka kutoka kama kilo 1.8 kwa mita mpaka 2.6 tu. Huwezi pata biashara nzuri kama hiyo mahali pengine kwenye gari. Niliulizia ile kromoli, 4130, chuma chenye kromu na molibdeni, akasema anaitengeneza kwa anayetaka ila kwa gari langu hela inapotea, inataka uchomeleaji wa TIG kwa uangalifu mkubwa na uzito unaookoa ni kilo chache, bora nipunguze betri.

Wakati wa kukunja nlikuwepo. Mashine yao inashika bomba ndani na nje, kona imetoka duara safi haijabonyea wala haina mikunjo upande wa ndani, kona yenyewe pana, sheria ya FIA ni mduara wa kona usiwe chini ya mara tatu ya kipenyo cha bomba, kwa hiyo kwa 45 ni milimita 135 na kuendelea. Ukiona rolibaa ina kona kali imebonyea kama mrija wa soda uliokunjwa, hiyo itakunjika pale pale siku ikihitajika.

Lakini mnajua nini kilinishtua kuliko yote? Miguu. Alipofungua ile ya zamani akaniita nione. Rolibaa ilikua imefungwa na bolti nne tu, mbili kila upande, zimepita kwenye bomba za mraba za chesisi, hizo za unene milimita 1.6, bila bushi (kipande kifupi cha bomba nene cha kupitishia bolti) ndani. Nlivyokaza nati siku ile miaka miwili nyuma nlikua naibonyeza bomba yenyewe, imeingia ndani kama kopo, na pembeni ya tundu moja kulikua na ufa mwembamba kama unywele. Mzee aliweka kidole pale hakusema kitu. Ina maana hata ile rolibaa ingekua ndefu kama mnazi, siku gari linapinduka miguu ingetoboa sakafu ikashuka na mimi. Kila mtu anaangalia upinde juu unavyong'aa, hakuna anayelala chini ya gari na tochi.

Walichofanya: kile kipande cha chesisi chenye ufa kimekatwa kimewekwa kipya. Miguu imehamishwa nyuma kidogo ikakae pale ambapo bomba tatu za chesisi zinakutana, ili mzigo ugawanyike uende njia tatu. Chini ya kila mguu kuna bamba la milimita 3, eneo sentimita za mraba 120 na ushee, limechomelewa kuzunguka kwenye bomba za chesisi, na mguu unakaa juu yake kwa bolti tatu za M10, yaani unene milimita 10, daraja la nguvu 8.8. FIA wanasema angalau tatu za M8 kwa hiyo tuko juu ya hapo. Kila tundu linalopita kwenye bomba la mraba lina bushi ya chuma imechomelewa pande zote mbili, ukikaza unakaza bushi, bomba haisikii chochote.

Kwenda nyuma kuna mihimili miwili ya milimita 40 kwa 2, imenyooka kabisa haina kona, inaanzia karibu na kilele cha upinde inashuka mpaka juu ya vishikio vya shokamzoba za nyuma ambako chesisi ndo imara kuliko kote. Ya zamani ilikua na mihimili ila ilianzia katikati ya upinde na ilikua imesimama sana, karibu wima, sasa kitu kilichosimama wima kitazuia nini upinde usilale nyuma? Pembe sasa ni zaidi ya digrii 30 toka wima. Ndani ya upinde kuna bomba la mshazari linatoka juu upande wangu linashuka chini upande wa abiria, bila hilo upinde ni kama mlango usio na mbao ya mshazari, ukiusukuma ubavu unalala.

Aliniuliza pia kama nataka muhimili wa mbele, ule unaotoka juu ya upinde unapita juu ya siti ya abiria unashuka mpaka miguuni pake. Ni kitu kizuri sana kwa usalama sababu ukigonga kitu ukiwa juu chini upinde unasukumwa nyuma na huo ndo unaouzuia, ila siti ya abiria inakufa. Nuru ana miaka 14 na nilishamuahidi siku akiruhusiwa ntampeleka. Wakaweka vishikio vyake tu viko tayari, muhimili unafungwa na kufunguliwa kwa bolti mbili, siku niko peke yangu unakaa, siku nina abiria unatoka. Hiyo peke yake imeongeza pauni 140 na sijutii.

Kuna suala la mikanda pia na ni la roho. Zamani mikanda yangu ya mabega ilikua inapita nyuma ya siti inashuka mpaka sakafuni. Wengi tunafanya hivo sababu ndo kuna mahali pa kufunga. Mzee akanionyesha kwa mikono yake, aliweka mkono begani kwangu akavuta chini: ukigonga, mkanda ukinyooka unataka kwenda njia fupi, kwa hiyo unakukandamiza mabega chini, uti wa mgongo unabanwa kama kitunguu kwenye kinu. Mikanda inatakiwa itoke nyuma karibu sawa na mabega, FIA wanashauri isizidi digrii 10 kushuka na mwisho kabisa ni 45. Sasa kuna bomba la kulala ndani ya upinde usawa wa mabega yangu, mikanda inazungushwa pale. Na angalia hapa, ndo maana siti ilishushwa kwanza kabla ya lile bomba kuchomelewa. Ungefanya kinyume mikanda ingekua inapanda juu kutoka mabegani na kazi ingerudiwa.

Mbele, ncha ya pili ya ule mti wa ufagio nilikua naiweka juu ya dashibodi ya faiba. Faiba ile ukigonga ngumi inapasuka. Wameweka upinde mdogo wa chuma chini yake, umeshika chesisi pande zote, hauonekani kabisa ukiwa nje. Bila huo, kipimo chote cha ufagio nlichowaambia ni cha uongo.

Uchomeleaji nimeukagua mwenyewe, mimi sio fundi wa kuchomelea ila nimekulia Arusha jirani na gereji na macho ninayo. Umezunguka bomba zote digrii 360, hata ile sehemu ya nyuma ambayo mkono haufiki wamefika, magamba yako sawa, hakuna mashimo wala kuchimba pembeni. Wametoboa tundu dogo moja kama la milimita 5 mahali pasipo na mzigo ili mkaguzi akitaka apime unene, wenzetu wa SCCA wanalidai hilo. Kumalizia ni rangi ya kawaida ya kupuliza, walikataa kunipakia kromu, wakasema ule mchakato unaweza kuingiza hidrojeni kwenye chuma kikawa kikavu cha kukatika. Rangi nyembamba ni nzuri pia kwa sababu ufa ukianza unauona mapema.

Haya, vilivyonikera. Niliambiwa wiki mbili, ikawa wiki tatu na siku nne, na kwenye hizo siku zote nimepigiwa simu mara moja, mimi ndo nilikua napiga. Nlikosa tarehe niliyokua nimelipia Donington na hela haikurudi. Watu wana kazi nyingi naelewa, ila ujumbe mmoja tu wa "tumechelewa" unachukua sekunde ngapi? La pili, sponji ya kufunika bomba nyuma ya kichwa. Upande wangu waliweka ile ngumu yenye kiwango cha FIA 8857-2001, ukiibonyeza kwa kidole haibonyei kirahisi na ndivyo inavyotakiwa, kichwa na helmeti vikiigonga inakula nguvu polepole. Upande wa abiria wakaweka ile laini ya kufungia mabomba ya maji ya moto, eti imebaki kidogo. Hapana. Abiria ana kichwa pia. Niliwaandikia wakakubali kurudisha pauni 25 lakini nlitegemea wasifanye kabisa. La tatu ni dogo, turubai la kufunikia gari halienei tena na kioo cha kati sasa kinaonyesha bomba la mshazari katikati, nimehamia vioo vya pembeni, unazoea baada ya siku moja.

Uzito umeongezeka kama kilo 11, na zimekaa juu, nilidhani ntazisikia. Brands Hatch, pale Paddock Hill Bend unaposhuka kona imelala kulia na tumbo linabaki juu, nlikua nasubiri gari liegemee zaidi. Sikusikia tofauti, nadhani kushuka kwangu kwenye siti kumefidia. Nilichosikia ni kingine, nyuma ya gari imekua ngumu, ile mihimili imefunga chesisi mpaka kule kwenye shokamzoba na gari linajibu haraka zaidi ukigeuza usukani. Hilo halikua lengo ila nimelipokea. Na mikanda sasa imenishika kweli, mabega hayasogei, mikono imepumzika. Niliongeza na mikanda ya mikono, ile inayofunga kiwiko kwenye kifungo cha mkanda ili gari likipinduka mkono usitoke nje, pauni 30 tu, kila mwenye gari la wazi awe nayo.

Baada ya kila safari nalala chini ya gari. Nimechora mstari wa rangi ya njano kwenye kila nati na bamba lake, mstari ukikatika najua nati imesogea. Mpaka leo haijasogea hata moja.

Sasa kuna ndugu zangu Dar na Arusha wameona picha wakaniuliza, si kama zile za kwenye Hilux? Hapana ndugu zangu. Yale mabomba yanayong'aa nyuma ya pikapu mengi ni ya urembo, yamefungwa kwenye bodi ya bati, ukipinduka yanakunjika kabla ya kabini. Na kuna mmoja ana kigari anakitengeneza vizuri sana, nimeona video, ameniambia fundi wake atatumia bomba la maji la GI. Nakuomba kaka yangu usifanye. Lile limetengenezwa kubeba maji, chuma chake hakina kiwango unachokijua, na ukilichomelea ule mvuke wa zinki unamuumiza fundi wako kifuani. Mafundi wa keji wapo nyumbani, watu wa rally wanazitumia miaka yote, Safari Rally imeanza 1953, tafuta anayefunga keji za magari ya mashindano muulize bomba lisilo na mshono analipata wapi. Na kabla hajakata chochote kaa kwenye siti na helmeti mtu akupige picha ya ubavu.

Bei ilivyogawanyika kwa anayetaka: upinde na mihimili na mshazari 720, miguu na kurekebisha chesisi 310, bomba la mikanda na upinde mdogo wa mbele 210, muhimili wa abiria 140. Sponji ilikua ndani ya hesabu, na ndo hizo 25 zilizorudi. Gari zima lilinigharimu kama elfu tisa kwa hiyo unaweza kuona ni sehemu kubwa, ila nikipewa tena hela ile ile naanza na hii kabla ya injini.

Sponji ya upande wa abiria nimeagiza mwenyewe, ile ngumu, inakuja wiki ijayo. Tarehe ya Cadwell Park, saketi nyingine, ni mwisho wa mwezi na sibebi abiria yeyote kama haijafika.